SOMO LA HISTORIA: MWINYI KHERI, LIWALI WA UJIJI

Kaa mahali penye mwanga, weka daftari na kalamu karibu nawe. Kama mko wengi darasani, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa macho. Maneno haya ndiyo yaliyosemwa katika redio. Tumeyapiga chapa ili uyasome polepole, na ukikwama mahali, urudi nyuma bila haraka.

Leo tutazungumza juu ya gavana. Neno hili umelisikia. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, ambaye huchaguliwa na watu wa jimbo kwa kura. Jirani zetu wa Kenya wana kaunti 47, na tangu mwaka 2013 kila kaunti ina gavana aliyechaguliwa kwa kura. Hapa Tanzania mkoa una mkuu wa mkoa, naye huteuliwa na Rais. Basi waona kwamba kazi zafanana, lakini njia ya kuipata kazi si moja. Mmoja hupewa cheo na watu walio chini yake, mwingine hupewa na mkubwa aliye juu yake.

Sasa nataka kukueleza habari za mtu aliyetawala Ujiji, karibu na Kigoma, zaidi ya miaka 140 iliyopita. Wazungu waliopita kwake walimwita gavana. Watu wa pwani walimwita liwali. Jina lake lilikuwa Mwinyi Kheri. Katika maisha yake tutatafuta jibu la swali moja: Je, mtawala hupata nguvu zake wapi?

NENO LA LEO

Andika neno hili katika daftari lako: liwali. Litamke: li-wa-li. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Maana yake ni mtu aliyewekwa na mfalme au sultani ili atawale mji kwa niaba yake. Katika miji ya pwani palikuwa na maliwali siku za Masultani wa Unguja, na jina hilo likaendelea kutumika hata siku za Waingereza.

Neno la pili ni mwinyi. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, mwinyi ni bwana, mtu mwenye heshima au mwenye mahali. Kwa hiyo mtu akiitwa Mwinyi Kheri, wajua mara moja kwamba asili yake ni pwani, na kwamba watu wake walimheshimu.

MJI WA UJIJI

Mtazame Ujiji wa wakati ule. Usifikiri habari ya reli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kabla ya hapo Kigoma palikuwa mahali padogo tu kando ya ghuba nzuri. Mji mkubwa ulikuwa Ujiji.

Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Msafara ulikwenda kwa miguu, wapagazi wakiwa na mizigo mabegani na vichwani. Walipita Ugogo, wakapumzika Tabora, wakavuka mto Malagarasi katika nchi ya Uvinza, na huko walilipa hongo kwa mtemi kabla ya kuvushwa. Safari hiyo ilichukua miezi mitatu, minne, au zaidi. Kisha siku moja walipanda kilima cha mwisho, na mbele yao wakaliona ziwa.

Wewe unayekaa Kigoma walijua vema Ziwa Tanganyika. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake chafika karibu mita 1,470. Wazee wetu hawakuwa na vipimo hivyo, lakini walijua upepo, walijua samaki, na walijua njia za mitumbwi. Magogo makubwa ya kuchonga mitumbwi yalipatikana katika misitu ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ambayo leo ni nchi ya Kongo. Chumvi ilitoka Uvinza. Mawese yalitoka katika michikichi ya pwani ya ziwa. Vitu vyote hivyo vilikutana katika soko la Ujiji, pamoja na dagaa, mbuzi, nafaka na majembe. Watu wa soko walikuwa na fedha yao ya shanga, ziitwazo sofi. Aliyekuja na nguo aliweza kuzibadili kwa shanga, kisha akanunua chakula chake cha siku.

Lakini soko hilo liliuza pia pembe za ndovu, na liliuza watu. Neno hilo tuliweke wazi tangu sasa, maana tutalirudia.

Nchi yenyewe ilikuwa ya Wajiji. Walikuwa na mwami wao, ambaye makao yake yalikuwa mbali kidogo na ziwa, na chini yake walikuwapo wakubwa wa vijiji na wazee wa ardhi. Wafanya biashara wa pwani, Waarabu kwa Waswahili, walianza kufika yapata mwaka 1840. Walikuwa wageni. Walijenga nyumba za udongo zenye baraza, wakapanda mpunga na ngano, wakapanda miembe. Burton na Speke, Waingereza wawili, walipofika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, waliwakuta wenyeji wakiwa ndio wenye amri. Mgeni aliyetaka mtumbwi alipaswa kupatana na mkubwa wa kijiji na kulipa.

MTU WA MRIMA

Mwinyi Kheri alizaliwa Mrima, yaani pwani ile inayoelekea kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1820. Alikuja bara kama wengine, kutafuta mali. Wengi waliokuja hivyo walikaa mwaka mmoja au miwili, wakajaza pembe, wakarudi pwani. Mwinyi Kheri alikaa. Hata ilipofika miaka ya 1870 alikuwa ndiye mkubwa wa wafanya biashara wa Ujiji.

Alifanyaje? Hakuwa na jeshi la kuishinda nchi. Wala hakuwa na barua ya Sultani mkononi. Tuzitazame njia zake, moja moja.

Kwanza, alioa. Alimwoa binti wa mtawala wa Wajiji. Kwa desturi za Kiafrika wajua maana ya jambo hilo. Mgeni akioa, si mgeni tena, amekuwa mkwe. Mkwe ana haki ya kusikilizwa, na pia ana wajibu. Hawezi kuidharau nyumba aliyoolea.

Pili, alikubali kuwa chini. Kwa sheria ya nchi, Mwinyi Kheri alikuwa mmoja wa wakubwa walio chini ya mwami. Ardhi aliyojengea haikuwa yake. Ilikuwa ya Wajiji. Watu wa pwani walikaa kwa ruhusa. Wageni wengi wa Kizungu waliona bunduki na kanzu nyeupe, wakadhani kwamba Waarabu ndio wenye mji. Aliyekaa muda mrefu zaidi aligundua kwamba sivyo.

Tatu, alishika njia za maji. Alikuwa na mitumbwi mizuri yenye makasia na matanga. Watu wake walikwenda mpaka Uvira, upande wa kaskazini magharibi wa ziwa, wakaleta pembe na watumwa. Aliyetaka kuvuka ziwa kwa usalama alifanya vema kuwa na urafiki naye.

Nne, alikuwa mtu wa baraza. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wengi, nao walikuwa na ugomvi wao: huyu amedai, yule amekana. Walikutana, wakazungumza, wakaamua. Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa kati yao, lakini hakuweza kuamua mambo makubwa peke yake.

Stanley, mwandishi wa magazeti, alipofika Ujiji mara ya pili, mwaka 1876, alimkuta Mwinyi Kheri akiwa tajiri, mwenye watumwa, bunduki, pembe, nyumba, mashamba, mitumbwi, ng'ombe, nguo na shanga. Akamwita gavana. Angalia mwaka: 1876. Wakati huo Sultani wa Unguja alikuwa bado hajampa cheo hicho. Basi Mwinyi Kheri aliitwa gavana miaka mitano kabla ya kufanywa gavana. Mtu huyu alikuwa ameshika kazi kabla ya kupata cheti cha kazi.

BARUA NA WAGENI

Sasa tuzungumze juu ya barua, jambo linalokuhusu wewe unayejifunza kusoma na kuandika.

Daktari Livingstone alifika Ujiji mwezi wa Machi mwaka 1869, mgonjwa na mchovu. Aliandika barua nyingi, akawaomba wafanya biashara wazipeleke pwani. Hawakupenda kuzichukua, na nyingi hazikufika. Kwa nini? Kwa sababu waliogopa. Livingstone alikuwa amewaona watu wakikamatwa na kufungwa minyororo, naye aliandika aliyoyaona. Karatasi ndogo iliwatisha watu wenye bunduki! Livingstone alikwenda Manyema, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba mwaka 1871 bila kitu, maana bidhaa zake zilizotumwa kutoka pwani zilikuwa zimekwisha kuliwa na aliyekabidhiwa. Siku chache baadaye, mwezi wa Novemba, Stanley akamkuta pale katika safari yake ya kwanza.

Livingstone alifariki mwaka 1873. Habari zake zilienea Ulaya, na wageni wakaongezeka. Mwezi wa Agosti mwaka 1878 walifika wamisionari wa London Missionary Society. Mmoja wao, Thomson, alifariki Ujiji mwezi uliofuata. Mwenzake, Edward Hore, aliyekuwa baharia, alibaki. Mwanzoni mwa mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe. Mwaka huo huo watu waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji wakajenga kituo Karema, kusini zaidi.

Fikiri ungekuwa wewe ni Mwinyi Kheri. Wageni hawa ni wachache, ni wapole, wana dawa na vitabu. Lakini nyuma yao kuna nini? Mwaka 1873 Waingereza walikuwa wamemlazimisha Sultani Barghash kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1876 Sultani alitoa amri nyingine, kukataza misafara ya watumwa kutoka bara. Ujiji ni mbali, na amri hizo zilifika kama sauti ya ngoma iliyo ng'ambo ya mlima. Lakini sasa mtu wa kuandika barua alikuwa amekaa katika nyumba ya jirani.

Wazee wa mji hawakumfukuza Hore. Alipata nyumba ya kukaa. Lakini wamisionari walipotaka mahali pao wenyewe pa kujenga, wazee wa biashara waliwazuia. Mwisho, mwaka 1879, wamisionari wakavuka ziwa na kufungua kituo Mtowa, katika nchi ya Waguha. Hapo twaona tabia ya Mwinyi Kheri kama mtawala. Hakupigana na hakukubali. Alichelewesha. Alisema hili haliwezi kuamuliwa bila wenzangu, na lile haliwezi kuamuliwa bila habari kutoka Unguja. Mtu asiye na jeshi hutumia muda kama ngao.

BENDERA NYEKUNDU

Mwaka 1881 mambo yalibadilika. Sultani Barghash aliona Wazungu wanaingia bara kwa kila njia. Alijua kwamba wataulizana: Nchi hii ni ya nani? Tena palikuwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye tangu mwaka 1871 alikuwa amepigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya misafara. Sultani akataka pawe na alama yake katika ziwa. Mwinyi Kheri akafanywa liwali wa Ujiji, akapokea bendera ya Sultani. Bendera hiyo ilikuwa nyekundu tupu, bila picha wala maandishi.

Je, siku ile Mwinyi Kheri alipata nini? Hakupata jeshi. Mwami wa Wajiji hakuondoka, na ardhi ilikuwa bado ya Wajiji. Alichopata ni jina. Lakini jina nalo lina faida yake. Mzungu akija na barua ya balozi wake wa Unguja, liwali aweza kusema: Nami nina barua, nami nina bendera. Na katika baraza la wafanya biashara, neno la liwali lilikuwa zito kuliko la mwenzake.

Alipata pia mzigo. Mtu akipokea bendera, ataulizwa. Mzungu akiibiwa, Sultani atamwuliza liwali. Sultani amekataza misafara ya watumwa. Je, liwali wake aifanye biashara hiyo hiyo? Hapo ndipo Mwinyi Kheri alipokwama. Mali yake ilitoka katika pembe na watumwa. Bendera ilisema neno moja na soko lilisema jingine. Yeye akafuata soko, na biashara ya watu haikukoma katika siku zake.

Mwinyi Kheri alikufa mwaka 1885. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, mbali sana na ziwa, mkutano wa mataifa ya Ulaya ulikuwa umemalizika Berlin, na serikali ya Ujerumani ikaanza kudai nchi za bara. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakapatana wao kwa wao. Walikubali kwamba katika bara Sultani ana ukanda wa pwani tu, upana wa maili 10, yaani kilomita 16. Ujiji i mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mkataba ule, bendera ya Ujiji ikawa kitambaa. Hakuna mtu wa Ujiji aliyeulizwa, Mjiji wala Mswahili wala Mwarabu.

ALIYEKUJA BAADAYE

Baada ya Mwinyi Kheri, nguvu za Ujiji zilishikwa na mtu wa namna nyingine. Jina lake lilikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Rumaliza, ambalo walilifahamu kuwa na maana ya yule anayemaliza. Alikuwa mshirika wa Tippu Tip, mfanya biashara mkubwa aliyetawala sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tippu Tip mwenyewe aliisimulia habari ya maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1887 huyo Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa mshahara wa Mfalme Leopold. Waona jinsi neno hili gavana lilivyozunguka katika miaka ile!

Rumaliza hakungoja kama Mwinyi Kheri. Watu wake walishuka katika fukwe za ziwa kwa bunduki, wakachoma vijiji na kuteka watu. Burundi waliwashambulia, lakini Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasiishike nchi yake. Upande wa magharibi walipigana na watu wa Mapadre Weupe, waliolindwa na askari wa Kifaransa aitwaye Joubert. Kisha vikaja vita vikubwa kati ya Waarabu na Wabelgiji wa Kongo, kuanzia mwaka 1892. Mwezi wa Januari mwaka 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dhanis, akakimbilia upande wa mashariki wa ziwa, katika nchi iliyokuwa sasa ya Wajerumani. Mwaka 1896 Wajerumani wakajenga boma lao Ujiji. Tangu hapo aliyetawala alikuwa ofisa mwenye askari, mwenye kodi, na mwenye barua kutoka kwa serikali yake. Wajiji hawakumchagua, wala yeye hakuhitaji kuoa kwao.

TUPIME

Ndugu mwanafunzi, sasa turudi kwenye swali letu. Mtawala hupata nguvu zake wapi?

Mwinyi Kheri alikuwa na vyeo viwili. Kimoja kilitoka Unguja, nacho kilikuwa barua na bendera. Kingine kilitoka Ujiji, nacho kilikuwa ukwe, baraza na ruhusa ya mwami. Cheo cha Unguja alikuwa nacho kwa miaka minne tu. Cheo cha Ujiji alikuwa nacho kwa muda mrefu zaidi, na ndicho kilichomweka. Bila ruhusa ya wenyeji asingepata ardhi ya kujenga wala njia salama ya kwenda sokoni. Kwa hiyo alilazimika kuzungumza, kungoja na kupatana. Rumaliza alitegemea bunduki. Zilipokuja bunduki nyingi kuliko zake, hakubakiwa na kitu.

Ukiishia hapo, waweza kusema Mwinyi Kheri alikuwa mtawala mwema. Lakini tusiishie hapo. Tuulize tena: Ruhusa hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mwami, ya wakubwa wa vijiji, ya wafanya biashara. Mwanamke aliyetekwa upande wa Uvira, akavushwa ziwa katika mtumbwi, akasimamishwa sokoni Ujiji, yeye hakuulizwa. Kijana aliyefungwa mnyororo na kubebeshwa pembe mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka pwani, yeye hakukaa katika baraza. Majina yao hayakuandikwa. Sisi twajua jina la liwali, twajua hata mashamba yake na mitumbwi yake, lakini majina ya watu waliomtajirisha hatuyajui.

Mtu aweza kusema: Ndivyo dunia ilivyokuwa. Ni kweli kwamba utumwa ulikuwa mahali pengi. Katika Marekani, yale majimbo yenye magavana waliochaguliwa kwa kura, yapo mengi yaliyokuwa na mamilioni ya watumwa Waafrika mpaka utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865. Magavana wa huko walichaguliwa, lakini mtumwa hakupiga kura. Basi kura peke yake haitoshi, kama vile bendera peke yake haitoshi. Kipimo ni hiki: Nani yumo katika baraza, na nani ameachwa nje?

Historia haitutaki tumtukane Mwinyi Kheri, wala haitutaki tumsifu. Yatutaka tumwone mzima. Alikuwa mtu mwenye subira na akili, aliyeweza kukaa na wenyeji bila vita. Pia alikuwa mwuza watu. Watu kama yeye walileta Kiswahili mpaka ziwani na ng'ambo yake, na lugha hiyo twaitumia leo Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie. Njia iliyoleta lugha ndiyo njia iliyopitisha minyororo. Mambo haya mawili yalitembea katika msafara mmoja, nasi tumeyarithi yote mawili.

Ukienda Ujiji leo utaona mnara wa ukumbusho mahali Livingstone na Stanley walipokutana, na utaonyeshwa miembe. Simama chini ya mwembe, ukumbuke kwamba pale palipita pia watu ambao hakuna aliyewajengea mnara.

Na wewe, ambaye sasa waweza kuandika jina lako, fahamu kwamba umepata kitu ambacho wale hawakuwa nacho. Mtawala akija, awe mwenyekiti wa kijiji, diwani au mkuu wa mkoa, mwulize maswali matatu. Cheo chako umepewa na nani? Ukikosea, nani aweza kukuondoa? Na katika mji huu, ni nani ambaye hukumwuliza? Kisha uyaandike majibu yake.

MASWALI

1. Neno liwali lina maana gani?
2. Taja njia mbili ambazo Mwinyi Kheri alizitumia kupata nguvu Ujiji kabla ya mwaka 1881.
3. Kwa nini wafanya biashara waliogopa barua za Livingstone?
4. Bendera ya Sultani ilimpa Mwinyi Kheri faida gani? Ilimpa mzigo gani?
5. Zungumzeni darasani: Mwinyi Kheri na Rumaliza walitofautiana kwa nini? Walifanana kwa nini?
6. Mwulize mzee mmoja wa mahali pako habari za wakubwa wa zamani na jinsi walivyopata ukubwa. Andika mistari mitano, uisome mbele ya wenzako.

Kwaheri, ndugu mwanafunzi, mpaka somo lijalo.